Swali la Ma Auleria

Tangu nistaafu na kurudi Kamachumu, haipiti wiki bila kijana mmoja kupiga hodi na kompyuta mgongoni. "Shikamoo Mwalimu, nimeelekezwa kwako, nina utafiti." Marahaba, karibu, kaa. Mimi humtazama anavyokaa. Akikaa huku macho yanatafuta mahali pa kuchajia simu, najua tuna safari ndefu. Akiuliza kwanza mama mwenye nyumba yuko wapi amsalimie, najua huyu atafika, hata kama hajui bado anakwenda wapi.

Kazi yangu kwa miaka yote ilikuwa kuwafundisha wanafunzi namna ya kufanya utafiti: kusoma nyaraka za zamani, kuwatazama watu wakiishi, na kuwahoji. Chuo kilikuwa Bukoba mjini, lakini darasa langu hasa lilikuwa migombani, huku Muleba. Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Nitaandika yanavyokuja, msinidai sura ya kwanza na ya pili. Ila ipo habari moja ambayo nataka kuifikisha mpaka mwisho, ya mwanafunzi wangu Leontina na mama mmoja wa upande wa Rubya aliyetuuliza swali ambalo halikuwamo kwenye dodoso letu. Mama huyo ameniruhusu kuisimulia kwa sharti moja, nibadilishe majina. Nimeyabadilisha.

Lakini kwanza nimtaje mtu ninayemshukuru kila ninaposhika karatasi ya zamani. Nitamwita Mzee Kamuhanda. Alikuwa mtunza nyaraka katika ofisi moja hapo Bukoba, mtu mfupi, sweta la kijani halimtoki hata jua likiwaka, na hasira zake zilikuwa karibu. Nilipofika kwake mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, nimefunga tai. Nikamwambia nataka mafaili yote ya zao la kahawa.

"Yote?"

"Yote, mzee."

Akanifungulia chumba. Mafaili yalipangwa toka sakafuni mpaka darini, na baadhi yake mende walishajisomea. "Haya, chagua pa kuanzia," akasema, "mimi nakwenda kunywa chai." Aliporudi alinikuta nimesimama palepale, tai imejaa vumbi. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa umekuwa mwanafunzi. Uliingia hapa kama mnunuzi."

Huyo ndiye aliyenifundisha kunawa mikono kabla na baada, maana jasho la vidole huharibu karatasi na vumbi la karatasi huharibu kifua. Alinifundisha kugeuza ukurasa kwa kuushika kona ya juu, siyo kulamba kidole. Alinifundisha kurudisha kila karatasi ilipokuwa, hata kama naona imewekwa pasipo pake, kwa kuwa huenda aliyeiweka pale alikuwa na sababu zake. Na kabla ya kuuliza barua inasema nini, alitaka niulize aliyeiandika alikuwa anamwogopa nani. Barua nyingi za serikali ya zamani ukizisoma hivyo zinageuka mchezo wa kuigiza, utacheka peke yako ofisini.

Siku moja nililalamika kwake kwamba nimesoma faili zima la tarafa fulani na sijaona neno hata moja kuhusu wanawake wanaochuma kahawa. "Mzee, ina maana hawakuwepo?"

Akavua miwani. "Mama yako anachuma kahawa?"

"Anachuma."

"Amewahi kumwandikia bwana shamba barua?"

"Hapana."

"Basi. Karatasi ikinyamaza haisemi kwamba jambo halikutokea. Inasema tu kwamba halikupita mlango huu. Katafute lilipita mlango gani."

Maneno hayo niliyafundisha kila mwaka, mpaka wanafunzi wakawa wananiiga sauti nyuma ya darasa wakidhani sisikii. Nilikuwa nasikia. Nilifurahi, kwa sababu anayekuiga angalau amekukumbuka.

Sasa niseme kuhusu mahojiano. Mwanafunzi wangu mmoja, nisimtaje maana sasa ni mtu mkubwa, nilimtuma kijiji fulani kuwahoji wazee. Mnajua kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa. Kijana akapewa, akashukuru kwa heshima zote, akazitia mfuko wa shati. Baada ya hapo kila swali likapata jibu zuri. Mavuno? Mazuri. Ushirika? Mzuri. Ndoa za siku hizi? Nzuri. Mvua? Nzuri, na ilikuwa kiangazi, migomba imekunjamana. Akanirudia na madodoso yamejaa, anachekelea.

Nikasoma. Nikamwuliza, "Hiki kijiji kiko mbinguni?"

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kahawa ulitafuna?"

"Nina vidonda vya tumbo, Mwalimu. Niliiweka mfukoni."

Mtoto wa Dar asingejua, na wangemsamehe. Huyu ni Mhaya mtupu, kazaliwa hukuhuku, na ndiyo sababu alikosea. Alidhani kwa kuwa ni wa nyumbani hana haja ya kujieleza kama mgeni. Wale wazee waliona mtu anayekataa kula nao huku anataka awafungue vifua, wakampa majibu ya sebuleni. Nikamrudisha. Safari hii akawaeleza wazi habari ya tumbo lake. Mzee mwenye nyumba akamcheka, mama akamletea uji, na mazungumzo ya kweli yakaanzia hapo, kwenye maradhi ya tumbo ya kila mtu. Alileta kazi nzuri sana.

Visiwani kwetu ziwani nako walinifunza. Tulivuka kwenda kuwahoji wavuvi, watu waliotoka kila upande wa ziwa, na swali letu la kwanza lilikuwa, "Unaishi hapa?" Kila mmoja anajibu, "Hapana, mimi napita tu." Mwanafunzi wangu akaandika kwamba kisiwa hakina wakazi wa kudumu. Nikamwambia aweke kalamu mfukoni, tutembee. Nyuma ya banda la bati la mmoja wa hao wapita njia tukakuta mpapai umelipita paa, unazaa, na watoto wamefunga bembea kwenye nguzo ya banda. Tukamwuliza nani kaupanda. "Mimi," akasema. Akautazama, halafu akaanza kucheka mwenyewe, akatukatia papai. Mdomo ulikuwa unapita tu. Mikono yake ilishakaa siku nyingi.

Haya, Leontina.

Alikuja kwangu mwaka wangu wa mwisho kazini. Binti wa Bukoba mjini, mwongeaji, mwepesi wa kucheka, anaogopa mbwa kuliko mitihani. Utafiti wake ulikuwa juu ya akina mama wa zamani waliojifungulia nyumbani: nani alikuwa anawasaidia, walikula nini, walikatazwa nini. Nikamtuma upande wa Rubya, na huko akapata mwenyeji, mama mmoja mjane mwenye wajukuu wengi na nyonga mbovu. Huyo ndiye Ma Auleria. Katika kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, upande wa chini karibu na chemchemi, aliishi wifi yake Ma Kokugonza, dada wa marehemu mume wake, katika kijumba chake peke yake.

Ma Auleria alijibu maswali yote vizuri. Mwishoni Leontina akauliza swali tunalowafundisha wote: "Mama, na wewe una swali lolote kwangu?" Kwa kawaida hapo watu huuliza utafiti huu utawasaidia nini, na mwanafunzi hujikuna kichwa. Ma Auleria alimwambia afunge mlango.

"Mimi nilijifungulia hapa, kwenye chumba hicho," akasema. "Uzazi wa kwanza. Homa ikanichukua, sikujijua tena. Wakanibeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Niliporudi, mama mkwe akaniambia, mtoto hakukaa. Nikamwuliza, amelala wapi? Akasema mwanamke akijua mahali pale hatazaa tena, atabaki analia palepale. Nikanyamaza. Nikazaa wengine, namshukuru Mungu. Mama mkwe akafa, mume wangu akafa. Sikuambiwa hata kama alikuwa wa kiume au wa kike. Na mimi sasa nimezeeka, mwana wange. Nikifika huko mbele akaja kunipokea, nitamtambuaje? Wewe unayejua kutafuta mambo, nitafutie mtoto wangu amelala wapi."

Leontina alinipigia simu akiwa amesimama kwenye mibuni ya watu. "Mwalimu, nifanye nini? Hili halimo kwenye utafiti wangu."

"Umemwuliza maswali yako yote?"

"Yote."

"Alikujibu?"

"Alinijibu."

"Basi sasa ni zamu yake."

Tukaanza na nyaraka, kama kawaida yangu. Leontina alikwenda ofisi ya parokia, na katekista mzee, mtu mwema, akamsaidia kupitia vitabu vya ubatizo na vya mazishi vya miaka hiyo. Hakuna kitu. Watoto wengine wote wa Ma Auleria wamo, mmoja baada ya mwingine, na huyo wa kwanza hayumo. Leontina akavunjika moyo. Mimi nikamkumbuka Mzee Kamuhanda na sweta lake. Nikamwambia tusome huo ukimya. Kama hayumo kwenye ubatizo, hakuna aliyewahi kumbatiza. Kama hakubatizwa, hawakumpeleka makaburi ya kanisa. Kwa hiyo alibaki nyumbani, katika kibanja. Na nyumbani kichanga kama hicho hakikufanyiwa matanga, wanaume hawakuitwa, kazi yote ilifanywa na wanawake wa nyumba ile. Mlango uliokuwa umebaki ni wa jikoni kwa akina mama, na hapo mimi na shahada zangu tukabaki barazani.

Leontina akawaendea mabibi majirani. Mmoja akasema wenye habari hiyo walishakufa. Mwingine akaanza kusimulia mvua. Wa tatu akamshika mkono kwa upole, akamwambia, "Mwanangu, mambo hayo hayaulizwi." Jioni alinipigia akilia. Alisema anataka kumwambia Ma Auleria ameshindwa, arudi Bukoba akaandike kazi yake.

Nikamwambia afunge daftari, akae pale, afanye kazi. Vijana, kutazama siyo kukodoa macho. Kutazama ni kushika kazi ya mtu pamoja naye mpaka asahau kwamba wewe ni mgeni. Ma Auleria, kwa sababu ya nyonga yake, alikuwa hatoki sana nyuma ya nyumba. Kazi za shamba zilikuwa za Ma Kokugonza, na Leontina akajiunga naye. Mama huyo alikuwa mkavu. "Lete." "Weka." "Siyo hapo." Kutwa nzima alimpa Leontina maneno ya kujaza kiganja tu. Binti yangu, ambaye asili yake ni kuongea, aliniambia alihisi ulimi unaota kutu.

Pasaka ilikuwa inakaribia, na wakaenda rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja, kukata nyasi. Kwa wasio wa kwetu nieleze kidogo. Zipo nyasi ngumu ambazo tunatandaza chini ya migomba kuhifadhi unyevu. Zipo na nyingine laini, zenye harufu nzuri, ambazo mama zetu walitandika sakafuni ndani ya nyumba, watu wakakalia. Sikukuu inapofika zinatolewa za zamani, zinaingizwa mpya. Siku hizi wengi wana saruji na mikeka, lakini wale wazee wawili walikuwa bado wanatandika. Nyasi hizi laini haziendi shambani. Ni za kukalia watu, na kuzipata ni kazi.

Leontina akamwona Ma Kokugonza anatenga mzigo mmoja wa zile laini. Akashuka nao mpaka kwenye shina moja la mgomba mkongwe karibu na kijumba chake. Akaondoa zilizonyauka, akatandika mpya, akazilaza kwa kiganja taratibu, kama unavyomwandalia mgeni mahali pa kukaa. Mashina mengine yote ya pembeni yalikuwa na nyasi ngumu.

Ma Auleria hakuwahi kuliona hilo. Sehemu ya chini ilikuwa ya wifi yake kwa miaka mingi, na mwenye heshima haingii sehemu ya mwenzake kuchungulia anatandika nini.

Leontina aliponieleza kwenye simu, mimi niliyekuwa nimekaa nilisimama. Nikamwambia, "Usimwulize! Ukimwuliza atasema ni mbolea tu, na basi tena." Akaniuliza, "Sasa nifanyeje?" Nikwambieni kweli, sikujua. Jibu alilipata Leontina mwenyewe, na mpaka leo naona fahari kusema kwamba nilikuwa mwalimu wake.

Asubuhi alikwenda rweya peke yake, akakata nyasi laini, vidole vikachanika kwa kuwa hakuzoea. Akarudi na mzigo wake mdogo, akapita mbele ya Ma Kokugonza, akapiga magoti kwenye lile shina, akaanza kutandika. Aliniambia alikuwa akisubiri kufukuzwa.

Ma Kokugonza akaja, akasimama kando yake. Kisha akasema, "Zile nyembamba zikae juu."

Halafu akakaa chini, akasimulia. Wakati ule alikuwa msichana wa kutumwa maji. Ni yeye aliyebeba maji ya kumwogeshea mtoto, na ni yeye aliyeshika taa mama yake, yaani mama mkwe wa Ma Auleria, alipomfunga katika gome la mti, yale magome yaliyopondwa kuwa nguo zamani, wakaja naye hapa chini kabla hakujapambazuka vizuri. Mama yake akamwapisha. Ukimwambia mke wa kaka yako, akawa tasa, utajua wewe. Msichana akaogopa, akakua na siri yake, akaolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani. Kaka yake alipomwuliza anataka kujenga wapi, akachagua huku chini. Watu wakasema amerogwa, kuacha udongo mzuri wa juu akaenda kukaa na mbu wa chemchemi. Hakutaka mtoto awe peke yake.

"Usimwambie wifi," akamalizia. "Nimekula naye chungu kimoja miaka yote hii nikijua. Atanichukia, na mimi sina mwingine."

Hapa msome polepole, maana ndipo kazi yetu inapouma. Leontina sasa alikuwa na jibu. Mwenye swali alikuwa pale juu, kwenye jiko la kuni, anamenya ndizi. Na jibu halikuwa la Leontina kulitoa. Aliyelisema alikuwa amelikataza. Siku hiyo binti alikaa jikoni na Ma Auleria, wakamenya pamoja, hakuweza kumtazama usoni. Ma Auleria hakumwuliza kitu. Alimwongezea tu mboga.

"Mwalimu, huyu mama anazeeka," aliniambia kwenye simu.

"Najua."

"Akifa kabla?"

"Najua, Leontina. Lakini huna ruhusa. Rudi kwa Ma Kokugonza, mwombe. Akikataa, umwombe tena kesho."

"Na kesho akikataa?"

"Basi utarudi mjini na hilo jambo kifuani."

Akanikatia simu. Mwanafunzi, kumkatia simu mwalimu wake! Sikukasirika. Nililala vibaya, nikamwomba Mungu, na Jumamosi kuu nikapanda gari la Muleba kisha bodaboda, nikaenda mwenyewe, nikiwa sijui nakwenda kufanya nini.

Nilimkuta Leontina ana macho mekundu. Alikuwa ameshamwomba Ma Kokugonza, na mama huyo hakusema ndiyo wala hapana, alimpa kisogo tu. Ma Auleria akanikaribisha barazani, akaniletea kahawa, nikatafuna. Tukaongea habari za barabara na za wajukuu. Sijawahi kufanya mazungumzo magumu kama yale ya kutosema kitu.

Kabla sijawafikisha mwisho, niwaambie msije mkaitafuta habari hii kwenye tasnifu ya Leontina. Haimo. Aliandika sura zake kuhusu wakunga na miiko, akafaulu kama wengine walivyofaulu, na sasa anafundisha. Nilipomwuliza kama hajutii kuziacha kurasa nzuri hivyo, alinijibu kwamba yeye alitumwa kutafuta jambo hili na mtu mmoja, na mtu huyo ameshaipokea taarifa. Nilimshukuru Mungu kwamba nilistaafu na jibu hilo masikioni.

Basi. Tukiwa tumekaa pale barazani, Ma Kokugonza akapanda kutoka chini, mzigo wa nyasi laini kichwani. Akaja mpaka mbele ya Ma Auleria, akasimama. Hakutusalimia sisi wengine.

"Wifi," akasema, "inuka. Twende tukatandike."

"Nimeshatandika ndani, asubuhi."

"Siyo ndani. Kwa mtoto."

Ma Auleria alibaki ameketi, fimbo mkononi. Nilidhani hakusikia. Kisha akaanza kuinuka, na Leontina akamshika upande wa nyonga mbovu. Mimi nilibaki nimekaa, maana yale hayakuwa yangu, lakini alipofika kwenye kona ya nyumba akageuka. "Mwalimu, njoo nawe. Wewe ndiye uliyemleta huyu binti." Nikawafuata kwa nyuma, kofia mkononi.

Njia ile ni fupi, lakini yeye kwa nyonga ile tulikwenda polepole sana, tukisimama kila baada ya mgomba. Tulipofika Ma Kokugonza akashusha mzigo, akaonyesha lile shina kwa kidole. Ma Auleria akasogea mpaka akalishika.

"Alikuwa nani?"

"Wa kike."

"Wa kike," akarudia. Akampa Leontina fimbo, akajishusha kidogo kidogo, akakaa juu ya nyasi zile, miguu ameinyoosha mbele kama mama zetu wakaavyo nyumbani. Akazipapasa. Mimi nilikuwa nalia, na sioni haya kuwaandikia hivyo.

Ma Kokugonza naye akapiga magoti. "Wifi, unisamehe. Mama aliniapisha, nikaogopa, na baadaye..."

Ma Auleria akainua mkono, mwenzake akanyamaza.

"Hizi nyasi. Unamtandikia tangu lini?"

"Tangu niliporudi nyumbani."

"Kila Pasaka?"

"Pasaka na Krismasi."

Ma Auleria akamshika mkono, akamvuta, akamkalisha kando yake. "Kasinge," akamwambia, asante, kwa Kihaya chetu, na akalirudia mpaka sauti ikamwishia. Leontina alikuwa ameinamia fimbo ile kwa mikono miwili.

Kisha Ma Auleria akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari ya mtoto aliyeachiwa jirani.

"Sasa ulipokuwa unamtandikia, ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilikuwa namwambia mama yake hajambo," akajibu Ma Kokugonza. "Yuko pale juu, anapika."